Dole la Wifi: Bawasiri ya Ghorofa ya Tatu

Tulipoachana wiki iliyopita, dole gumba la wifi lilikuwa juu ya kioo cha mashine na skrini imegeuka nyekundu kama jicho la mlevi. Basi, hakuna aliyesogea. Dole liko palepale, na skrini bado nyekundu.

"Labda lina jasho," alisema wifi. Akalipangusa kwenye sketi, akalipuliza, akalibandika tena.

Nyekundu.

"Bandika taratibu," Povu alinong'ona.

"Wewe usinifundishe kutumia dole langu."

Kwa aliyedandia safari leo: Povu ni mfua nguo kwenye kiwanda kinachofua mashuka ya hospitali hiihii. Walimwita Povu kwa sababu ya sabuni, maana povu la maneno hana. Ni mwanamke wa kuomba radhi hata akikanyagwa. Yuko kitengo cha madoa, ambako dawa imekula alama za vidole vyake mpaka vimekuwa laini kama mgongo wa kijiko. Si vyake tu. Siku ya kuandikishwa bima, mashine ilikataa vidole vya kitengo kizima. Karani alikuwa na njaa. Akamwita mkunja mashuka mmoja mwenye mikono mikavu, akambandikisha dole lake kwa niaba ya wote.

"Mtaelewana wenyewe," alisema, akaenda kula.

Tangu siku hiyo, mfua madoa akiugua, au mumewe, au mwanawe, haji hospitali na kadi peke yake. Anakuja na kadi na mkunja mashuka. Jina la kuzaliwa la mama huyo limesahaulika. Kiwanda kizima kinamwita Dole. Na Dole ni wifi wa Povu, dada wa mumewe kabisa, na hawajasalimiana tangu ugomvi wa cherehani ya marehemu mama mkwe.

Leo wamesalimiana. Ilibidi. Mume wa Povu, mpakizi wa magunia, amelala ubavu kwenye benchi la mapokezi, magoti yamefika kifuani. Ngiri imembana. Daktari ameshasema: apasuliwe leo, kabla utumbo haujaoza ndani kwa ndani. Lakini hapa utaratibu ni mmoja. Dole kwanza, kisu baadaye.

Binti wa mapokezi aliinama akaisoma skrini.

"Mwanachama ameondolewa, kuanzia leo asubuhi. Sababu, ameachishwa kazi."

"Nani huyo?" aliuliza Dole.

"Wewe."

"Mimi? Mbona sijaambiwa?"

"Si ndiyo nakwambia, mama."

Povu alishika ukingo wa kaunta. Kule kwenye benchi mumewe alikohoa, kisha akajilaumu kwa kukohoa.

"Kosa langu nini?" Dole alipandisha sauti. "Nimeiba shuka? Nimekunja vibaya?"

"Hapa wameandika gharama. Unaumwa sana, mama. Watu kama wewe ndio mnaofanya bima ipande."

"Sijawahi kuumwa hata mafua!"

Binti akageuza skrini, akaanza kumsomea, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

"Mwaka huu umejifungua mara tatu."

"Nimejifungua!"

"Mara moja mapacha. Halafu ukatibiwa tezi dume."

Dole alimgeukia Povu. Povu akatazama chini. "Yule mzee anayetuchemshia maji kwenye boila," alisema kwa sauti ya kunong'ona.

"Umewekewa meno ya bandia, juu na chini," binti aliendelea. "Umeugua surua. Umepewa miwani nne. Umetolewa punje ya mahindi sikioni."

"Hiyo ya mwanangu," alisema Povu.

Waliokaa foleni walianza kucheka, wakiziba midomo kwa vyeti vyao. Na msicheke sana, nanyi mnaosoma. Kompyuta ya bima haijui sura wala jina, inajua dole. Ofisi ya kiwanda ilipolalamika kwamba makato yamepanda tena, bima ikawaletea jibu: mnaye mtu mmoja anayeumwa magonjwa ya jinsia zote mbili na ya rika zote. Ofisi haikushangaa. Ofisi ilisema, aondolewe. Ndivyo mtu pekee kiwandani ambaye hajawahi kumeza kidonge alivyofukuzwa kazi kwa kuumwa kupindukia.

"Halafu kuna hii," alisema binti. "Juzi umelazwa kwa bawasiri. Ghorofa ya tatu, chumba cha heshima, kule dole hubandikwa wakati wa kutoka. Hujatoka bado."

"Sijatoka?"

"Uko juu sasa hivi."

Dole alijigusa kiunoni, kama mtu anayehakikisha kwamba kweli yuko chini.

"Dada," sauti ya mpakizi ilitoka kwenye benchi, nyembamba kuliko kawaida yake, "kama uko juu, basi niombee kitanda."

Povu alikuwa anahesabu kichwani sura za kitengo cha madoa. Nani kati yao angelazwa ghorofa ya tatu? Wao hata lifti wanaipanda na toroli la nguo chafu tu. Na bima yao siku hizi! Walianza na Kifurushi cha Dhahabu. Makato yakapanda, wakapewa cha Fedha. Yakapanda tena, wakapewa cha Shaba. Sasa makato yamepanda kuliko yote, na kifurushi kinaitwa Shukrani. Kinakulipia fremu ya miwani, vioo utajijua.

Ndipo lifti ilipofunguka.

Alitoka mwanamume wa makamo, simu sikioni, amevaa gauni la wagonjwa lile la kufungwa kamba nyuma. Alitembea mgongo ukiwa ukutani, kama mtu anayepita kwenye ukingo wa jabali. Ilimchukua Povu muda kumtambua bila suti.

Alikuwa bosi. Mwenye kiwanda. Wafanyakazi wanamwita Baba wa Familia, kwa sababu hakuna mkutano ambao hajasema, "Sisi hapa ni familia." Huwa anasema hivyo kabla tu ya kupunguza kitu.

"Dole!" alipiga kelele kwa furaha. "Tangu asubuhi nimemtuma dereva wa gari la mashuka akutafute mji mzima, kumbe uko hapa!"

"Shikamoo, bosi," walisema wote wawili kwa mazoea.

"Marahaba, marahaba. Njoo, mama, bandika hapo upesi. Wananizuia kutoka."

Binti wa mapokezi alisukuma kiti. "Karibu ukae, mzee."

"Nimesimama vizuri."

"Lakini unaonekana umechoka. Hiki kina mto."

"Nimesema nimesimama!"

Kimya kikaingia. Kilikaa, tofauti na bosi. Povu, ambaye maishani mwake hajawahi kumuuliza mkubwa swali, alisikia sauti ikimtoka.

"Bosi, unaumwa nini?"

"Kichwa."

Macho ya foleni nzima yalishuka, polepole, kwa heshima zote, mpaka kwenye kamba za gauni.

Mpakizi aliangua kicheko, kicheko kikageuka mguno. "Jamani msinichekeshe! Inabana!"

"Kwa hiyo bawasiri yangu ni wewe," alisema Dole.

Bosi alikunja uso, akatazama huku na huku, akashusha sauti. Ikabidi aeleze, na alieleza kama wakubwa wanavyoeleza, yaani bila kosa lolote kuwa lake. Bima ya wakurugenzi ilikuwa imepanda mno. Mtu mwenye akili angefanya nini? Alijitoa huko, akajiandikisha na wafanyakazi, ambao bima yao inalipwa kwa mishahara yao wenyewe. Kazi: mfua nguo. Kitengo: madoa. Na siku ya kuandikishwa hakuwa na muda wa kupanga foleni na wanawake wenye mabuti ya mpira. Alimwambia karani, "Mimi niwekee dole lolote."

"Basi karibu kitengo cha madoa, mwenzetu," alisema Dole. "Zamu yako kwenye pipa la dawa lini?"

"Ni kwenye karatasi tu, mama. Bandika."

"Silibandiki popote. Leo asubuhi umenifukuza."

"Nani kakufukuza? Sisi ni familia!"

Binti akageuza skrini tena. Bosi alisoma. Rangi ilimtoka usoni. Alikumbuka sasa. Asubuhi, akiwa amelala kifudifudi, afisa utumishi alimpigia: kuna mfanyakazi mmoja anatumalizia bima, anaugua kila kitu. Naye akasema, mwondoe haraka, sitaki hata kumjua jina.

"Njia nyingine ipo, mzee," alisema binti kwa upole. "Unaweza kulipa taslimu."

Bosi alimtazama kana kwamba ameambiwa arudi kupasuliwa, na safari hii bila ganzi. Akapiga simu.

"Afisa! Mrudishe yule mama!"

"Mama yupi, bosi?" Sauti ilisikika mpaka kwenye foleni.

"Mwenye dole!"

"Lakini bosi, ulisema haraka."

"Sasa nasema haraka zaidi!"

Walisubiri. Mpakizi alikuwa ameacha kutania. Jasho lilimtiririka kwenye sikio na hakulipangusa. Povu alienda akalipangusa yeye, kwa kiganja chake kisicho na alama.

"Mke wangu," alisema, "wakikataa, nipeleke tu nyumbani."

"Nyumbani kuna nini?"

"Kuna wewe."

"Na hapa si nipo? Nyamaza."

Mashine ililia. Skrini ikawa kijani. Dole alipiga kofi moja la furaha, akanyoosha dole, na binti wa mapokezi akauzuia mkono wake.

"Ngojeni kwanza. Kuna kikomo cha mwaka. Kwa jinsi dole hili lilivyozaa na kung'oa meno, kilichobaki kinamtosha mtu mmoja." Aliwatazama kwa zamu. "Kumtoa huyu wa ghorofa ya tatu, au kumwingiza yule wa kwenye benchi."

Hapo ndipo mngemwona Baba wa Familia. Uso ulilainika. Alimsogelea Dole, mgongo ukiwa bado ukutani.

"Mama, nisikilize. Nimekurudisha kwa neno moja. Kwa neno moja naweza kukutoa, na afisa bado yuko kwenye simu. Ukifutwa wewe, kimefutwa kitengo kizima. Yule mwenye mimba wa mashine ya pili atajifungulia wapi? Mzee wa boila dawa zake atazipata wapi? Usifikirie mtu mmoja. Fikiria familia."

Dole lilibaki hewani. Lilianza kutetemeka.

Msimcheke. Ni rahisi kusema, kaka yake yule, kuna cha kufikiri? Lakini mwanamke huyu ameingia leba na wenzake usiku na mchana, ameshikwa mkono na watu wenye homa wakimwita mama. Majina yote hayo yalikuwa yanamtazama kutoka kwenye dole lake.

"Kaka yangu yule," alisema, kama anayeomba ruhusa. Hakuna aliyempa.

Povu alikuja akasimama kando yake. Alitaka kusema mengi. Alitaka kumwambia bosi maneno ambayo angeyakumbuka kila atakapojaribu kukaa. Hayakutoka.

"Wifi," alisema. "Cherehani chukua."

"Nini?"

"Cherehani ya mama. Chukua. Ilikuwa yako tangu mwanzo, mimi hata kushona sijui."

Dole alimkodolea macho. "Mwaka mzima umeing'ang'ania, leo hapa ndipo unaniambia?"

"Niliona haya."

"Haya! Mimi nimekaa nawasusia mlango wenu, wewe unaona haya!" Kicheko na machozi vilimjia pamoja. Akavuta kamasi. "Nishike mkono, basi. Unatetemeka, nitakosa kioo."

Povu alimshika. Wakabandika pamoja, kwenye jina la mpakizi.

Kijani.

"Chumba cha upasuaji!" binti aliita, na kitanda cha magurudumu kikatokea kana kwamba kilikuwa kimejificha nyuma ya mlango kikisikiliza.

"Mtanijua!" alifoka bosi. "Nyote wawili mtanijua!" Akarudi kwenye lifti kinyumenyume, kwa sababu zake.

Wakati wanampakia, mpakizi, aliyezoea kupakia magunia, alimvuta mkewe upindo wa blauzi. "Cherehani umempa kweli?"

"Nimempa."

"Afadhali. Ilikuwa imekalia nafasi yangu ya viatu."

Milango ikajifunga. Dole alikaa, akalitazama dole lake kama mtu anayemtazama mtoto aliyemwaibisha na kumpa sifa siku moja. Povu alibaki amesimama. Ndani ya mlango ule mumewe alikuwa anavuliwa shati, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Povu alivuta pumzi mpaka chini kabisa.

Hakuimaliza.

Daktari alitokea, barakoa kidevuni, mikono juu, imelowa.

"Mashuka yako wapi?"

"Mashuka yapi, daktari?" aliuliza binti.

"Ya upasuaji! Yaliyochemshwa! Mgonjwa yuko mezani na sina hata moja la kumfunika. Siwezi kumfungua mtu tumbo juu ya meza tupu!"

Mtakumbuka hospitali hii ilifunga chumba chake cha kufulia ili kubana matumizi, ikampa kazi Baba wa Familia. Bila gari lake, hakuna shuka. Na Povu alijua mashuka ya leo yako wapi. Aliyafunga mwenyewe asubuhi, kabla mumewe hajaanza kulia. Yalipakiwa kwenye gari. Na gari, badala ya kuja hospitali, lilitumwa mjini kutafuta dole.

"Lile pale!" Dole aliruka, akionyesha dirishani.

Kweli. Gari la mashuka lilikuwa limeegeshwa uani, dereva amechoka kutafuta, amerudi. Daktari alisema asante kwa sauti. Povu alianza kutabasamu.

Gari likawaka.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Ndani, katikati ya marundo meupe aliyoyafua Povu kwa mikono yake, alisimama mtu mmoja aliyeteremka kwa ngazi za nyuma. Alisimama, hakukaa. Gauni lilipepea. Alikuwa anagonga paa kwa kiganja.

"Twende! Twende, kabla hawajaleta ankara!"

Mlinzi wa geti, ambaye kazi yake ni kukagua mifuko ya masikini ili mgonjwa asitoroke bila kulipa, aliliona gari la kiwanda, akalipigia saluti, akafungua geti.

Povu hakukumbuka alivyotoka. Alikumbuka ndara zikibaki nyuma, kwanza moja, kisha ya pili, na sakafu ya uani ikimuunguza nyayo. Alimsikia mwanamke anapiga kelele mpaka madirisha ya ghorofa ya tatu yakafunguka, akashangaa ni nani, na akagundua ni yeye.

"Bosi! Mashuka ya mume wangu!"

Gari lilipunguza mwendo kwenye tuta la getini. Povu aliruka. Mikono yake ikadaka chuma cha mlango, na vidole vyake vyote vikajikunja pale kwa nguvu zote za mtu aliyekamua mashuka mazito ya maji maisha yake yote.

Baba wa Familia alimtazama kutoka juu. Alitabasamu kwa huruma ileile ya kwenye mikutano.

"Povu, mama," alisema, "sisi ni familia."

Akaanza kuuvuta mlango ufunge.

Gari likashuka kwenye tuta, likapata barabara. Chuma kilikuwa na baridi, tena kiliteleza, na vidole vile, ambavyo hakuna mashine iliyowahi kuona alama juu yake, havikuwa na cha kushikia. Kidole cha kwanza kikateleza. Cha pili kikafuata.